Faili lililorudishwa ndilo darasa: wasomaji wauliza kuhusu mafunzo ya bima vituoni

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, barua zinazoletwa kwenye safu hii kutoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria zimebadilika sura. Awali wasomaji waliuliza bima ni nini na inalipiwa wapi. Siku hizi wanaouliza zaidi ni wahudumu wenyewe, wale wanaofanya kazi katika vituo vyenye mkataba na mifuko ya bima, na swali lao ni namna ya kufundishana kazi ambayo hawakufundishwa chuoni. Nimechagua barua tatu, na majina ya waandishi nimeyahifadhi kama walivyoomba.

Ndugu Mwandishi,
*Ninaongoza kituo cha afya cha binafsi Ilemela, karibu na mwalo wa samaki. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wetu wana kadi za bima. Kila mwezi tunapeleka madai, na kila mwezi malipo yanakuja yakiwa na makato. Tumewapeleka wenzetu wawili semina mara mbili, hotelini mjini. Walirudi na mikoba na makabrasha, lakini makato hayajapungua. Nina wafanyakazi 14 na siwezi kufunga kituo ili wote waende semina. Nifanye nini? Na je, ni haki kweli matabibu wangu wafundishwe makaratasi ilhali walisomea kutibu?*
*Mganga mfawidhi, Ilemela*

Ndugu Mganga, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa usipolijibu kwanza mbele ya wafanyakazi wako, mafunzo yoyote utakayoyaandaa watayapokea kwa kinyongo.

Chukua faili moja ambalo nina hakika unalo kabatini, maana sijaona kituo kisicho nalo. Kijana mchuuzi wa samaki amekuja na homa ya siku mbili na maumivu ya kichwa. Kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha hana vimelea. Hata hivyo fomu ya madai imeandikwa malaria, taifodi na yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), na mgonjwa ameondoka na dawa mseto ya malaria, antibiotiki mbili na sindano ya maumivu. Mfuko wa bima umekata dawa mseto kwa sababu majibu ya maabara yanapingana na ugonjwa ulioandikwa, na umekata antibiotiki moja kwa sababu hakuna kipimo wala maelezo yanayoitetea. Tabibu analalamika kwamba karani wa bima asiyejua udaktari amemkatia dawa. Lakini hebu tuliweke faili hilo mbele ya tabibu mwenzake na kuondoa habari ya fedha kabisa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na mwongozo wa matibabu wa taifa unafuata njia hiyohiyo. Kipimo cha Widal, ambacho vituo vingi vyetu hukitumia kutangaza taifodi, hakitoshi peke yake kuthibitisha ugonjwa huo. Kwa hiyo kijana yule amelipiwa, au amekosa kulipiwa, magonjwa matatu ambayo huenda hana hata moja, na homa yake halisi haikutafutwa. Makato yale yalikuwa yanamsema mgonjwa kabla hayajaisema fedha.

Ndiyo maana naona kuyaita mafunzo haya mafunzo ya makaratasi ni kuyashusha hadhi bure. Fomu iliyojazwa vizuri ni habari kamili ya mtu mmoja na ugonjwa wake: amekuja na nini, ameonekana na nini, amepimwa nini, majibu yamesemaje, na kwa sababu hiyo amepewa nini. Tabibu anayeweza kuandika mnyororo huo bila kukatika ameshafikiri vizuri. Anayeshindwa kuuandika, mara nyingi aliruka hatua alipokuwa akitibu. Waambie hivyo matabibu wako, tena waambie kwa heshima, kwa kuwa mwenye wagonjwa 60 kwa siku hukosea zaidi kwa uchovu kuliko kwa kutojua.

Sasa nije kwenye namna ya kufundisha. Semina ya hotelini ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba humfundisha mtu mmoja mambo ya wote. Mliompeleka amejifunza habari za mapokezi, maabara, dawa na uhasibu kwa siku mbili, kisha amerudi kwenye chumba chake kimoja, na kosa lililo katika chumba cha pili haliwezi kumsikia. Mimi ningeyakusanya madai yote yaliyokatwa katika miezi mitatu iliyopita, niyamwage mezani, na kuyapanga mafungu kwa kufuata mahali kosa lilipozaliwa. Utaona fungu la mapokezi: kadi ambayo haikuhakikiwa, namba ya idhini iliyosahauliwa, sahihi ya mgonjwa iliyokosekana, jina la mtegemezi lililoandikwa mahali pa jina la mwanachama. Utaona fungu la chumba cha tabibu, ambalo ni kama faili la yule kijana. Kisha fungu la dirisha la dawa, na hapa mara nyingi kosa ni la ngazi ya kituo. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imezipanga dawa kwa herufi, kuanzia A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Dawa ya ngazi ya C ikitolewa katika kituo chako bila barua inayoonyesha kwamba mgonjwa alianzishiwa huko juu, usishangae ikikatwa hata kama ilimfaa. Fungu la mwisho ni la karani wa bima mwenyewe: bei isiyolingana na mkataba, namba ya ugonjwa isiyolingana na maelezo, madai yaliyopelekwa muda umekwisha.

Mafungu yakishapangwa, kila fungu limepata mwenyewe, na kila mwenyewe amepata somo lake. Yule binti wa mapokezi hahitaji kukaa saa tatu akisikiliza habari za antibiotiki; anahitaji nusu saa ya kuhakiki kadi kumi mbele ya mwenzake, zikiwemo mbili zilizokwisha muda na moja isiyo yake anayeileta. Mtoa dawa anahitaji orodha ya dawa yenye herufi zile, iliyobandikwa anapoiona akiwa amesimama. Matabibu ndio wanaohitaji muda mrefu zaidi, nao ningewapa saa moja kila juma, siku ambayo mwalo hauna mnada mkubwa na kituo kimepungua watu. Katika saa hiyo wabadilishane mafaili matano, jina la mgonjwa likiwa limefunikwa, na kila mmoja amsomee mwenzake kwa sauti alichokielewa kuhusu mgonjwa huyo kutokana na maandishi peke yake. Mwandishi wa faili asijitetee mpaka msomaji amalize. Nimeyaona mazoezi haya katika kituo kimoja, na jambo lililonigusa ni kwamba baada ya majuma machache matabibu waliacha kuzungumzia bima kabisa. Wakawa wanabishana kama mgonjwa alistahili kupimwa mkojo au la. Hapo ndipo nilipojua kwamba somo limeingia.

Kufunika jina si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezipa taarifa za afya ya mtu uzito wa pekee, na zoezi la kufundishana halimpi mtu ruhusa ya kumtangaza jirani yake. Mwanza ni jiji, lakini mwaloni watu hujuana.

Kuna hatari moja ambayo lazima niiseme waziwazi. Mafunzo ya kupunguza makato yanaweza, bila mtu kukusudia, kugeuka mafunzo ya kuandika uongo. Mtu akijifunza kwamba dawa fulani hukatwa kwa kukosa ugonjwa unaofanana nayo, njia fupi ni kuongeza ugonjwa kwenye fomu. Huo ni udanganyifu, unaweza kuwaondoa kwenye orodha ya vituo vyenye mkataba wa bima na kumfikisha mtaalamu mbele ya baraza lake. Ubaya wake mwingine hausemwi sana: ugonjwa ule wa uongo unabaki kwenye kumbukumbu za mgonjwa, na siku moja tabibu mwingine atausoma na kuuamini. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba anayeongoza saa ile ya kila juma awe tabibu anayeheshimiwa kwa kazi yake, na karani wa bima akae pembeni kama mshauri wa bei na taratibu.

Usiwafundishe pia kukariri orodha ya bei. Mtakumbuka kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake, kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wake kwa kutokubaliana na bei, na wagonjwa wakahangaika. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba kitita hubadilika, na aliyekariri cha zamani alilazimika kuanza upya, wakati aliyefundishwa kukisoma, yaani kujua huduma inatafutwa wapi, inaruhusiwa katika ngazi gani, kwa sharti gani na kwa idhini ya nani, alikaa nacho jioni moja akakimaliza. Tena mna mikataba na mifuko zaidi ya mmoja, na kila mmoja una kitita chake.

Jambo jingine la kuwaandaa nalo ni namna ya malipo yenyewe. Leo mnalipwa kwa kila huduma mliyotoa, na kwa hiyo kishawishi ni kutoa nyingi mno, kama kwa yule kijana wa samaki. Lakini kuna malipo ya mkupuo kwa kila mtu aliyeandikishwa kituoni, awe ameumwa au hakuumwa, na hapo kishawishi hugeuka: anayepunguza vipimo ndiye anayebakiwa na fedha. Thailand ilichukua njia hiyo kwa wagonjwa wa nje, yaani wasiolazwa, katika mpango wake wa bima ya afya kwa wote wa mwaka 2002 na imeendelea nayo. Ghana iliijaribu katika mkoa wa Ashanti kuanzia mwaka 2012, ikakutana na upinzani mkubwa wa watoa huduma na wananchi, na mwaka 2017 jaribio likasimamishwa. Hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 1973 ilizipa nguvu taasisi zinazounganisha bima na matibabu chini ya paa moja, malalamiko makubwa ya wagonjwa baadaye yalikuwa ya kunyimwa huduma. Somo ninalolichukua kwa kituo chako ni dogo: mkifundishana leo kuandika kwa nini mmetoa huduma, fundishaneni pia kuandika kwa nini hamkutoa. Mgonjwa wa maumivu ya kichwa ambaye hakupigwa picha anastahili kuwa na sentensi moja inayoeleza sababu. Siku mkataba ukibadilika, sentensi hiyo itamlinda mgonjwa na itamlinda tabibu.

Mwisho, kwa gharama ya karatasi moja, bandika kwenye chumba cha mikutano hesabu ya kila mwezi: tumedai kiasi gani, tumelipwa kiasi gani, fungu gani limekatwa zaidi. Usiandike majina ya watu. Mfanyakazi mpya akija, siku yake ya kwanza asome karatasi hiyo pamoja na mafaili matano yaliyorudishwa. Na saa zenu za kila juma ziandikieni mahudhurio na mada, kisha ulizeni katika mabaraza ya taaluma zenu utaratibu wa kuzitambua kama mafunzo endelevu, kwa sababu muuguzi na daktari wanayahitaji katika kuhuisha leseni zao, na ni afadhali wayapate wakiwa kazini.

Mpendwa Mwandishi,
*Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye uvimbe shingoni, mwanachama wa bima, alivuka kwenda Nansio na kutoka huko akapanda meli mpaka mjini, nauli yake na ya mwanawe. Mapokezi ya hospitali kubwa alikofika yakamrudisha kwa kuwa karatasi tuliyompa ilikuwa imeandikwa "kwa uchunguzi na matibabu zaidi" na hakupitia hospitali ya wilaya. Alilia aliponisimulia, nami nililia. Sisi wa visiwani tufundishwe nini ili hili lisijirudie?*
*Muuguzi, Ukara*

Dada yangu, pole, na mfikishie mama huyo pole zangu. Nauli ya kuvuka maji mara mbili bila kuonwa ni adhabu ambayo hakuna sheria iliyomhukumu nayo.

Kosa la kwanza ni la njia. Ngazi za rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, zikapanda hospitali ya wilaya, ambayo kwenu ni Nansio, kisha hospitali ya mkoa, ambayo ni Sekou Toure, kisha ya kanda, ambayo ni Bugando, na juu yake ile ya taifa. Mifuko ya bima huifuata ngazi hiyo kwa wagonjwa wasio wa dharura, na anayeruka ngazi hurudishwa au hutakiwa kulipa mwenyewe. Hili kila mhudumu wa zahanati analisikia, lakini wachache wanamweleza mgonjwa kwa maneno anayoweza kuyashika: "Mama, ukifika Nansio usipitilize kwenda melini. Onwa kwanza na daktari pale, na usiondoke bila karatasi yake." Fundishaneni sentensi hiyo, tena kwa Kikerewe au Kijita pale inapohitajika.

Kosa la pili ni yale maneno matano, na hapa nitakaa kidogo. "Kwa uchunguzi na matibabu zaidi" haimwambii anayepokea chochote, kwa sababu kila anayepelekwa hospitali anapelekwa kwa hayo. Barua ya rufaa ni mazungumzo na mtu usiyemjua, ambaye hatakuuliza tena. Ningeandika hivi: mwanamke wa miaka 46, uvimbe upande wa kulia wa shingo kwa miezi minane, unaongezeka, hauumi, amepungua mwili, sauti haijabadilika, anameza vizuri, shinikizo la damu na sukari vimepimwa leo, na tarakimu zake ni hizi, hakuna dawa anayotumia, tunaomba aonwe na daktari wa upasuaji, kwa kuwa tunahofia uvimbe wa tezi. Mistari sita, na muuguzi yeyote mwenye makini anaweza kuiandika. Daktari wa Nansio akiisoma, ana pa kuanzia; karani wa bima akiiona, ana sababu ya kutoa idhini; na mama akirudishwa, anarudishwa kwa kosa la mtu mwingine.

Zoezi lenu la mafunzo liwe hilohilo. Kila mwezi mkikutana wilayani, mmoja alete barua tatu za rufaa zisizo na majina, na wengine waseme mgonjwa ni nani na anatakiwa nini. Waombeni madaktari wa Nansio waje na barua walizozipokea. Na ombi ambalo ningelipeleka kwa nguvu zaidi ni la majibu: anayepokea mgonjwa aandike nusu ukurasa wa kumrudishia aliyempeleka, akisema alikuta nini. Zahanati inayohifadhi majibu hayo kwenye jalada moja ina kitabu cha kufundishia kinachotokana na watu wa kisiwa chake, na sidhani kama kuna semina inayoweza kukishinda.

Lakini mafunzo haya yasiwafunge mikono mbele ya dharura. Mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye degedege, mvuvi aliyeopolewa majini, hawa hawasubiri ngazi wala sahihi. Huduma ya kwanza inatolewa, boti inatafutwa, simu inapigwa Nansio ili wajiandae, na habari ya kadi inafuata nyuma. Andikeni saa na sababu ya uamuzi wenu, basi.

Mheshimiwa Mwandishi,
*Ni mwalimu mstaafu wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ninafika mjini kwa urahisi kwenye kliniki yangu ya shinikizo la damu, wala sisubiri tena kivuko. Lakini nikitoa kadi, binti wa mapokezi husema "wa bima kaeni kule", na mara kwa mara naambiwa dawa hakuna, nikanunue. Je, katika mafunzo mnayoyasema, kuna somo la kuzungumza na watu?*
*Mwalimu mstaafu, Sengerema*

Shikamoo Mwalimu. Somo hilo lipo kwa nadra, na halistahili kuwa nadra.

Binti yule huenda hajui kwamba umekatwa mchango kwenye mshahara wako kwa miaka mingi, na kwamba kadi yako ni malipo yaliyotangulia. Hajafundishwa hivyo, amefundishwa tu kwamba wa bima wana karatasi nyingi na fedha zao huchelewa. Kwa hiyo ningeanza kumfundisha maana ya mchango, kisha ningemfundisha kusema mambo matatu kwa mgonjwa kabla hajakaa: kadi yako inafanya kazi, huduma hii imo au haimo kwenye kitita chako, na ikiwa haimo gharama yake ni kiasi hiki, uamue mwenyewe. Maneno hayo yafanyiwe mazoezi kwa sauti, mwenzake akikaa upande wa mgonjwa, kwa kuwa mtu hajui sauti yake inavyokata mpaka aisikie akiwa amekaa kwenye benchi.

Kuhusu dawa, usikubali jibu la "hakuna" peke yake. Uliza kwa upole kama kituo kinaweza kukupa fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na mfuko wako, na ukijibiwa hapana, uliza ofisi ya mfuko iliyo mkoani. Dawa za shinikizo hazivumilii kukatizwa, na mtoa dawa anayekuacha uondoke mikono mitupu amesahau hilo.

Nina ombi kwako pia. Yule mganga mfawidhi wa Ilemela anatafuta namna ya kufundisha watu wake. Akikualika ukae kwenye kiti cha mgonjwa katika zoezi lake la mapokezi, tafadhali kubali. Miaka uliyokaa darasani ukisahihisha madaftari bila kumvunja moyo mtoto bado ina kazi, na nauli kutoka Sengerema nitamwomba yeye ailipe.